Koki iliyomshinda mama yetu

Kwa muda wa wiki tatu za kiangazi kilichopita mama yetu alikuwa akitawadhia maji yake ya kunywa, nasi tulio naye nyumba moja hatukuwa na habari. Tunasema "mama yetu" kwa maana mmoja wetu ni mtoto wake wa kumzaa na mwingine ni mkewe mtoto huyo, na mwenyewe amekwisha kulipiga marufuku neno "mkwe" ndani ya nyumba. Na tunaandika kwa "sisi", ndugu msomaji, kwa sababu kosa tutakalolisimulia lilikuwa letu sote wawili, na kila tulipojaribu kuligawa tupate kujua fungu la nani kubwa, hatukuafikiana.

Aliyetufumbua macho ni binti yetu wa miaka minane. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya swala ya Isha, mama amekwisha kuingia chumbani, ndipo mtoto akasema bila kuulizwa, "Bibi siku hizi hanywi maji usiku. Anayaweka ya Alfajiri." Tukamwuliza anayaweka kwa nini, ilhali koki ya kutawadhia ipo hatua kumi kutoka mlangoni pake. Akajibu kama anayeshangaa kuulizwa jambo linalojulikana na kila mtu: "Ile haifunguki. Mimi mwenyewe haifunguki, nikitaka kunawa miguu nazunguka jikoni. Bibi akizunguka gizani anaogopa ngazi."

Tulitoka pale pale na tochi. Mmoja wetu aliishika koki akaizungusha. Ikalia, ikasogea kidogo. Mikono hiyo ilikuwa ya mtu mzima mwenye nguvu zake, na hata hivyo ilimbidi aume meno. Mama yetu amevuka miaka sabini, vidole vyake vimevimba kwenye viungo, na asubuhi za Julai na Agosti, baridi ya Mpanda inapokuwa kali, huchukua muda kabla ya kuweza kukunja ngumi.

Ilifikaje hapo? Hapa ndipo aibu inapoanzia. Nyumba yetu iko Makanyagio. Tuliijenga kidogo kidogo katika miaka iliyofuata mwaka 2012, ule ambao Katavi ilitengwa na Rukwa ikawa mkoa na mji wetu ukaanza kutanuka kwa haraka tusiyoizoea. Tulipofika kwenye sehemu ya kutawadhia, tuliacha koki za kawaida, zile za shaba zenye mpini mfupi juu ambazo kila duka la vifaa linazo, tukanunua moja ya kung'aa kama fedha, yenye kishikio cha mviringo na kofia yake ya kufunika nati. Tuliipenda kwa sura. Muuzaji hakutudanganya lolote; hatukumwuliza lolote.

Baada ya miaka kadhaa ikaanza kudondosha. Dawa tuliyoijua ilikuwa moja tu: kuikaza. Ikidondosha, tunakaza, ikidondosha tena, tunakaza zaidi. Kila aliyepita pale usiku aliipa koki mkono wa mwisho kabla ya kulala, akaona ametenda jema. Mmoja wetu (hatutamtaja, alama ya koleo bado ipo kwenye kishikio) alifikia kuikaza kwa koleo. Hatukujua kwamba ndani ya koki ile kuna kipande kidogo cha mpira, mafundi hukiita wosha, ambacho kazi yake ni kukandamizwa juu ya tundu la maji, na kwamba kikisha kukauka na kukatika hakiponi kwa kukandamizwa. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyozidi kukisaga. Nguvu yote iliyobaki inaishia kwenye hesi za chuma, nazo huumana zisiachane. Sisi tulipata ukimya wa koki, mama akapata mlango uliofungwa.

Asubuhi yake tulimwuliza kwa nini hakusema. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso. "Wanangu, nyinyi mna kazi. Na mimi maji ninayo, sijafika kwenye mchanga." Alikusudia tayamamu. Alilisema kwa mzaha, na kwetu lilikuwa zito kuliko lawama. Mtu hutayamamu asipopata maji au asipoweza kuyatumia; yeye maji yalikuwa ukutani, mbele ya uso wake, yamezuiwa na mikono ya wanawe.

Katika mji huu maji hayajawahi kuwa kitu cha kukichukulia kirahisi. Kiangazi kikishika, tangu Mei hadi mvua za Novemba, vijito hupungua, na huko hifadhini Katavi viboko hurundikana kwa mamia katika madimbwi yanayobaki ya Mto Katuma, wakigombea tope. Mjini tunafuatana na zamu ya maji mtaa kwa mtaa, na nyumba yenye busara ina tenki au mapipa. Kabla ya kuigusa koki tulitaka kujua angalau hasara yetu. Tuliilegeza mpaka ikarudia kudondosha kama zamani, tone moja kwa kila pigo la moyo, tukategesha ndoo ya lita 20 baada ya Isha. Isha ya pili ndoo ilikuwa imebakiza vidole viwili kujaa. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga josho kwa pishi, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Kibaba hicho ni kama theluthi mbili ya lita na zaidi kidogo. Basi ndoo yetu ya kila siku ilikuwa udhu wa watu ishirini na saba hivi, tumeumwaga chini ya mchongoma kwa muda mrefu, kisha tulipoamua kuuzuia tukamzuia na mwenye kuuhitaji.

Siku ya Jumamosi tukavaa nguo za kazi.

Jambo la kwanza katika kazi ya namna hii ni kuyafunga maji, na koki kuu iliyo baada ya mita yetu ilikuwa haijaguswa tangu ifungwe. Nayo ilikuwa ngumu. Hapa tunaomba msomaji atusikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo watu huharibu zaidi. Koki kuu iliyokwama usiilazimishe kwa bomba refu la kuongezea nguvu. Ikivunjika, umefungulia mtaa mzima maji uani kwako, na vifaa vya upande wa mita si mali yako. Tuliipaka mafuta ya taa kidogo kwenye shina lake, tukasubiri tumalize chai, kisha tukaizungusha robo kwenda, robo kurudi, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Mara ya sita au ya saba ikaitika. Tangu siku hiyo tumeipangia kuzungushwa kila mwezi mwandamo unapoonekana, hata kama hakuna kazi, isisahau wajibu wake. Kama yako haikubali kabisa, waite wahusika wa maji wa eneo lako. Hiyo haimaanishi kwamba umeshindwa ufundi.

Maji yalipofungwa tulifungua koki ya jikoni ili kilichobaki ndani ya mabomba kitoke, tukatandika gunia chini ya koki ya udhu na kuziba tundu la maji machafu kwa kitambaa. Skrubu moja ikitumbukia mle hutaiona tena. Juu ya kishikio kulikuwa na kifuniko kidogo chenye alama ya buluu. Tulikibandua kwa ncha ya kisu, chini yake tukaona skrubu, tukaipiga brashi ya meno iliyochakaa ili kuitoa uchafu, bisibisi ikakaa sawasawa, skrubu ikatoka. Tukatazamana kwa furaha. Tukashika kishikio, tukavuta. Hakikutoka.

Tukavuta tena kwa pamoja, mmoja akiwa ameweka mguu ukutani. Ndani ya ukuta pakalia kitu, mlio mfupi kama wa kuni inayopasuka, tukaacha wote kwa mara moja. Bomba ndani ya ukuta ni la plastiki, nalo likivunjika pale utabomoa vigae kulifikia. Twamshukuru Allah (s.w.) kwamba lilikuwa saruji tu iliyoachia. Kuanzia hapo, kila tulipokigeuza kishikio, mmoja wetu alikishikilia kiwiliwili cha koki kwa spana, nguvu isipite kwenda ukutani.

Tulikaa chini tukafikiri, jambo ambalo tungelifanya mwanzo. Kishikio kimetengenezwa kwa madini laini, aghalabu zinki, yakapakwa rangi ya fedha. Shina linaloingia ndani yake ni la shaba ya njano, nalo lina meno madogo madogo yanayoshikana na meno ya kishikio. Madini mawili ya aina mbili yakikaa pamoja na maji kati yao, lile dhaifu huliwa. Ule unga mweupe unaouona kwenye koki za zamani sehemu yake ni zinki iliyoliwa, na sehemu yake ni chokaa inayoachwa na maji yakikauka. Unga huo hujaa katikati ya meno, ukavimba, ukawa kama saruji. Kwa hiyo kuvuta peke yake hakutoshi. Unga uyeyuke kwanza, au madini yatanuke, au yote mawili.

Mama yetu, aliyekuwa akitutazama kutoka mkekani, ndiye aliyesema, "Sufuria ikishika ukoko mnaikwangua kwa shoka?" Akaagiza ndimu.

Tulikamua ndimu nne, tukalowesha kitambaa, tukakizungushia kishikio na kukifunga kwa mfuko wa plastiki kisikauke. Siki hufanya kazi hiyo hiyo na pengine vizuri zaidi. Sisi ndimu tunazo uani. Tukaiacha tangu adhuhuri mpaka baada ya Alasiri. Isikae siku nzima, kwa kuwa asidi hula pia ile rangi ya fedha. Na tahadhari nyingine, kubwa kuliko hiyo: chooni na bafuni mara nyingi huwa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Dawa hiyo na siki au ndimu visikutane hata kwa bahati mbaya. Vikichanganyika hutoa hewa yenye sumu.

Katika kusubiri, mazungumzo yalikwenda mbali. Mama alitukumbusha utoto wake wa Ujiji, ambako maji yalichotwa ziwani, yakakaa mtungini, na kila mwenye kutawadha alishika kibuyu chake. Hakikuwapo kitu cha kukwama. Mmoja wetu alikuwa amepata kusoma habari za al-Jazari, yule bingwa wa mitambo wa Diyarbakir aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1206, ambaye miongoni mwa vitu alivyovichora ni tausi wa kumwaga maji ya kunawa. Na Waarabu wengi mpaka leo koki huiita hanafiya. Masimulizi yanayoenea ni kwamba koki zilipoingia misikitini Kairo katika karne ya 19, wanazuoni walitofautiana juu ya kutawadhia maji yake, na wa madhehebu ya Hanafi ndio walioruhusu. Sisi wa Shafi wa huku tumekuja kuzikuta zimezoeleka safu kwa safu nje ya kila msikiti, wala hatuna la kulalamika isipokuwa zinapokwama.

Binti yetu akauliza kwa nini Mpanda kuna reli. Swali lilitoka mbali, lakini lilikuwa karibu na kazi kuliko alivyodhani. Tulimweleza kwamba tawi hili la reli kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Mukwamba, na mji ukakua kwenye ncha yake. Risasi hiyo ndiyo Warumi wa kale walifanyia mabomba ya maji, hata Waingereza na Wafaransa mpaka leo wanamwita fundi bomba kwa jina lililotokana na neno la Kirumi la risasi. Baadaye ikajulikana kwamba ni sumu, hasa kwa watoto. Koki za shaba za zamani nazo huwa na kiasi chake, ndiyo maana maji yaliyolala bombani usiku kucha ni vyema kuyaacha yatiririke kidogo kabla ya kunywa, na yale ya kwanza kuyamwagia mboga za maua. Mtoto alitusikiliza kwa adabu kisha akauliza kama ndimu zimeshaiva.

Tulifungua kitambaa. Unga umelainika, unatoka kwa brashi. Tukachemsha birika la maji na kuyamwaga taratibu juu ya kishikio, si juu ya shina, kwa maana zinki hutanuka kwa joto zaidi ya shaba, na ule unywele wa nafasi unaopatikana ndio unaotafutwa. Watoto waliwekwa mbali. Tukagonga pembeni kidogo kidogo kwa mpini wa mbao wa nyundo, huku tukikizunguka kishikio. Kikacheza! Kikapanda kiasi cha unene wa shilingi, kisha kikagoma upya. Hapo mmoja wetu, kwa haraka ya mtu aliyeona ushindi, alichomeka bisibisi upande mmoja na kukibinua. Kikakaa upande, kikabana kuliko mwanzo, na ukingo wake ukamegeka.

Tunaliandika kosa hilo waziwazi kwa sababu ni rahisi mno kulifanya. Kitu kilichoshikwa pande zote hakitoki kwa kubinuliwa upande mmoja. Kama huna kifaa, tumia bisibisi mbili bapa, moja kila upande, juu ya kitambaa, zikiinuliwa kwa nguvu sawa. Kifaa chenyewe kipo, na mafundi wa pikipiki wanakifahamu kwa jina la pula: mikono miwili inayokumbatia kitu kwa chini, na katikati skrubu ndefu inayokandamiza shina. Unapoikaza skrubu, mikono inavuta kwa usawa. Kabla ya magharibi tulikwenda kwa kijana mmoja anayetengeneza bodaboda karibu na stendi. Alitusikiliza, akacheka kwa heshima, akatoa pula ndogo anayotolea beringi, akasema, "Chukueni, wazee wangu. Kesho mniletee. Msivute kwa hasira, ikikaza mwaga maji ya moto, ngojea, halafu robo nyingine." Tulimwuliza kiasi gani. Akasema, "Mwambieni bibi aniombee dua."

Jumapili baada ya swala ya Alfajiri, ambayo mama aliitawadhia kwa maji tuliyomwekea mlangoni, tulikipachika kile kifaa. Robo mzunguko, tukangoja. Maji ya moto. Robo. Safari ya nne pakatoka mlio mdogo sana, na kishikio kikabaki mikononi mwa pula, chepesi, kimetoboka ndani kama jino bovu. Kofia ya kung'aa ikateleza yenyewe. Nati ilikuwa chini yake, haina hata kutu. Tukaifungua kwa spana, kiwiliwili kikiwa kimeshikiliwa, tukatoa shina na mwishowe tukamwona mkosaji: kipande cha mpira mweusi kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati, kimekatika mviringo katikati kwa makali ya kule kukaza kwetu.

Wosha mpya ilitugharimu chini ya bei ya mkate. Tulichukua ile ya zamani hadi dukani ili ukubwa ulingane, tukapapasa kwa kidole mahali inapokalia kuhakikisha hapana pengo, tukasafisha hesi na kuzipaka grisi ya mabomba ya maji ya kunywa, ambayo si ile ya gari. Meno ya shina nayo tuliyapaka, ili atakayekuja kukitoa kishikio baada yetu asimsumbue fundi wa pikipiki. Kishikio kilichomegeka tulikitupa, tukanunua cha mkono mrefu kinachoingia kwenye meno hayo hayo. Kwa nyumba yenye mzee au mgonjwa wa viungo, mkono mrefu ndio tungeuchagua tangu mwanzo, maana husukumwa hata kwa kiwiko.

Tukafungulia maji kutoka kwenye mita polepole, hewa ikakohoa bombani, kisha tukamwita mama. Alikuja na kanga yake begani, akakiangalia kishikio kipya kwa mashaka, akakisukuma kwa vidole viwili. Maji yakatoka. Akakirudisha, yakakatika. Akarudia mara tatu, nne, kama mtoto, na hatukumkataza kwa ajili ya israfu.

"Nani alikuwa akiikaza vile?" akauliza.

Tulinyamaza. Binti yetu akatutazama mmoja baada ya mwingine, naye akanyamaza, Allah amlipe.

Usiku ule, kupitia dirisha, tulimsikia mama akimimina maji kikombeni na kunywa, akamimina tena. Pula tuliirudisha Jumatatu pamoja na embe za mti wetu tulizokausha. Na juzi, tukiosha vyombo, tuliona koki ya jikoni imeanza kudondosha. Mmoja wetu alinyosha mkono kuikaza. Mwingine akamshika kifundo. Wosha ziko mbili kwenye droo, na Jumamosi ijayo, inshaallah, ni zamu yake.